Uchunguzi Usiofuatiliwa ni Kaburi la Pili



Mtu anapofia kazini katika nchi inayojiheshimu, maswali manne huulizwa kabla udongo wa kaburi haujakauka: amekufa vipi, ni nani aliyejua kwamba hatari ilikuwapo, ni jambo gani lililopaswa kufanywa na halikufanywa, na ni nani atakayehakikisha kwamba mwenzake hafi kesho kwa sababu iyo hiyo. Swali la nne ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa matatu ya kwanza yahusu maiti na hili lahusu walio hai. Nalo ndilo swali ambalo watawala wa nchi hii, wa jana na wa leo, wa chama kimoja na wa vyama vingi, wamelikimbia kama mdaiwa anavyomkimbia mdai wake.

Twaandika haya tukiitazama Sangailu, mojawapo ya wadi nne za eneo bunge la Ijara katika Kaunti ya Garissa. Upande mmoja uko msitu wa Boni na njia ya kwenda Lamu. Upande mwingine uko mpaka wa Somalia. Na katikati wako watu wanaofanya kazi kutoka alfajiri hadi usiku. Huko hakuna kiwanda chenye bomba la moshi, wala karakana yenye king'ora cha saa mbili. Kwa sababu hiyo wakubwa wa Nairobi husema hakuna mahali pa kazi pa kukaguliwa. Lakini mchungaji aliyeajiriwa kuchunga ng'ombe wa tajiri yuko kazini. Mchinjaji aliyezamisha mikono katika damu ya kondoo yuko kazini. Mwalimu aliyetumwa kutoka bara, muuguzi wa zahanati, dereva wa lori la miraa, kibarua wa barabara na polisi wa akiba anayelinda kisima, wote hao wako kazini. Wakifa, wamefia kazini, na sheria yatamka hivyo hata kama mkubwa fulani hapendi kusikia.

Sheria ipo, mwenye kuishika yuko wapi?

Tuanze na sheria, maana wapo wanaodhani kwamba madai yetu ni porojo za wanasiasa. Mwaka 2007 Bunge lilipitisha Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ikachukua nafasi ya ile sheria ya viwanda ya zama za ukoloni. Sheria hiyo haisemi juu ya viwanda pekee. Yasema juu ya mahali popote pa kazi, na yamtaja mwajiri pamoja na mtu anayejiajiri. Kifungu cha 21 chaamuru kwamba ajali ikiua mtu kazini, afisa wa usalama wa eneo ajulishwe katika muda wa saa 24, kisha taarifa ya maandishi ipelekwe katika muda wa siku 7. Kifungu cha 9 chadai kamati ya usalama palipo na wafanyakazi 20 au zaidi. Kifungu cha 14 chasema jambo ambalo kila mfanyakazi wa Kaskazini Mashariki angepaswa kulijua kwa moyo: mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu, aripoti kwa msimamizi wake, na mwajiri hana ruhusa ya kumrudisha mahali hapo hadi hatari hiyo iondolewe.

Mwaka uo huo wa 2007 ikapitishwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini. Sheria hii ilikaa mahakamani zaidi ya miaka kumi. Chama cha Wanasheria kiliipinga mwaka 2008, Mahakama Kuu ikavitangua baadhi ya vifungu vyake mwaka 2009, Mahakama ya Rufani ikavirudisha vingi kati ya hivyo mwaka 2017, na Mahakama ya Juu ikafunga mjadala tarehe 3 Desemba 2019. Matokeo yake ni kwamba mfanyakazi aliyeumia hapeleki tena kesi ya fidia moja kwa moja mahakamani. Dai lake huanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Aliyelemaa daima hukadiriwa kwa msingi wa mishahara ya miezi 96. Dai lenyewe liwasilishwe katika muda wa miezi 12.

Wananchi na walitafakari jambo hili. Ikiwa mlango wa fidia ni taarifa, basi asiyetoa taarifa amefunga mlango. Mwajiri asipoandika, afisa hafungui faili. Faili lisipokuwapo, hakuna uchunguzi. Na pasipo uchunguzi mjane hana cha kushika ila mkono wa rambirambi. Kimya cha mwajiri kina thamani ya fedha: ni mishahara ya miezi 96 iliyobaki mfukoni mwake.

Homa iliyotabiriwa

Sasa tuje kwenye ushahidi. Mwaka 1931 wachunguzi waliitwa katika shamba moja la Bonde la Ufa kwa sababu kondoo walikuwa wakifa. Walichunguza, wakavipata virusi, wakaupa ugonjwa jina la bonde lile. Hivyo Homa ya Bonde la Ufa ilijulikana kwa sayansi katika zama za walowezi, kwa ajili ya kondoo. Wafugaji wa Kisomali wana jina lao wenyewe, sandik, kwa maana ya pua kutoka damu, na jina hilo ni uthibitisho kwamba mchungaji ni mchunguzi tangu zamani, ila ripoti yake haina mhuri.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoigeuza nchi kavu kuwa ziwa, ugonjwa huo uliingia Garissa kwa kishindo. Watafiti walikadiria kwamba watu 27,500 waliambukizwa katika wilaya ya Garissa ya wakati ule, hesabu kubwa kuliko zote zilizokuwa zimeandikwa Afrika Mashariki. Uchunguzi ulifanyika, na matokeo yake hayakuwa fumbo. Mayai ya mbu hulala miaka mingi katika mabonde madogo yanayotuama maji, na mvua kubwa huyaamsha yakiwa na virusi ndani yake. Mifugo huugua kwanza na kutupa mimba. Kisha huugua binadamu anayegusa damu, nyama na majimaji ya mnyama, yaani yule ambaye kazi yake ni kugusa. Maneno hayo yaliandikwa yakachapishwa. Kila aliyelipwa mshahara wa umma kulinda mifugo na afya alikuwa na nafasi ya kuyasoma.

Ikapita miaka minane. Mwaka 2006 bahari ilipata joto, wataalamu wa hali ya hewa wakatabiri mvua nyingi, na mwezi Novemba Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa likatoa onyo waziwazi kwamba homa hii yaweza kurudi. Mvua ikaja. Wafugaji wakaona mbu wengi, wakaona kondoo na mbuzi wakitupa mimba. Tarehe 21 Desemba 2006 maabara ikathibitisha ugonjwa kwa wagonjwa wa Garissa. Chanjo ya mifugo ilianza Januari 2007, watu wakiwa tayari wanazikwa. Kufikia katikati ya Machi 2007, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 684 nchini Kenya, na 155 kati yao walikuwa wamekufa. Ijara, ambayo Sangailu imo ndani yake, ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizopigwa vibaya.

Kisha ukafanyika uchunguzi mwingine, nao ukasema jambo ambalo sisi twataka kila mbunge alibandike ukutani mwake: miongoni mwa mambo yaliyoongeza hatari ya kuugua vibaya ni kugusa kijusi kilichotupwa na mnyama, na kuwa mchungaji. Kuwa mchungaji! Wanasayansi waliitaja kazi yenyewe kama njia ya ugonjwa. Kama hayo si maradhi ya kazini, basi neno kazi halina maana katika kamusi ya taifa hili. Hata hivyo vifo vile vilipelekwa katika vitabu vya Wizara ya Afya kama janga la asili, na Wizara ya Kazi ikaendelea na shughuli zake kana kwamba wafu wale walikuwa watalii.

Juni 2018 homa ilirudi Wajir. Mwanzoni mwa 2021 ikatajwa tena Isiolo, Mandera na Garissa. Kila mara tahadhari hutolewa, soko hufungwa, kuchinja hupigwa marufuku, na mfugaji hupoteza mnyama, mteja na pengine ndugu kwa msimu mmoja. Mvua ikikatika, watu wa serikali hukunja mahema yao. Hatusemi kwamba hawachunguzi. Twasema kwamba wanachunguza kisha wanaondoka na majibu, na mchungaji wa Sangailu hubaki na mikono mitupu, kwa maana halisi ya maneno hayo, kwa kuwa hana hata glavu.

Timbo na darasa

Sasa tutazame kazi za ajira ambazo hata mtawala mwenye usingizi mzito hawezi kuzikana. Tarehe 22 Novemba 2014, magaidi wa Al-Shabaab waliliteka basi lililokuwa likitoka Mandera wakaua watu 28, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda likizo. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, waliingia katika timbo la mawe la Koromey, karibu na mji wa Mandera, wakawaua wachimbaji 36 waliokuwa wamelala katika mahema mahali pa kazi yao. Jibu la serikali lilikuwa upesi. Siku iyo hiyo Waziri wa Usalama wa Ndani aliondolewa na Inspekta Jenerali wa Polisi akajiuzulu. Kabla ya mwezi kwisha, Bunge likapitisha marekebisho ya sheria za usalama katikati ya makelele na ngumi, marekebisho ambayo Mahakama Kuu ilitangua vifungu vyake vinane tarehe 23 Februari 2015 kwa kuvunja Katiba.

Tazameni jinsi mchezo ulivyochezwa. Watu walibadilishwa, sheria ikabadilishwa, uhuru wa magazeti ukataka kunyongwa. Lakini je, mahema ya vibarua yalibadilishwa? Maswali ya mkaguzi wa kazi ni mepesi kiasi cha kuaibisha. Wachimbaji walilala wapi? Nani aliwachagulia mahali hapo? Ulinzi ulikuwa umbali gani? Baada ya basi kushambuliwa, mwenye timbo na serikali walipima upya hatari hiyo au hawakuipima? Tarehe 7 Julai 2015, miezi saba tu baada ya Koromey, magaidi waliingia usiku katika makazi ya wachimbaji mawe pale Soko Mbuzi, Mandera, wakaua watu 14. Mkoa uleule, kazi ileile, saa ya usingizi ileile. Muuaji ni gaidi, na hatumpunguzii hata chembe ya dhambi yake. Lakini sheria ya usalama kazini haimuulizi mwajiri kama yeye ndiye muuaji. Yamuuliza kama alijua hatari, na kama alichukua hatua. Kwa vifo vya mara ya pili, hakuna mtu Kenya nzima awezaye kusema kwamba hakujua.

Habari ya walimu nayo ni ndefu. Baada ya mauaji ya basi, mamia yao walikataa kurudi, wakaenda Nairobi kudai uhamisho. Wakatukanwa kuwa waoga, wakatishwa kufutwa kazi. Je, kifungu cha 14 kilisemaje? Kwamba asirudishwe mtu mahali penye hatari kubwa hadi hatari iondolewe. Mwalimu aliyekuwa akidai uhamisho alikuwa akidai sheria, na aliyemtisha ndiye aliyekuwa akiivunja. Tarehe 2 Aprili 2015 likaja lile jinamizi la Chuo Kikuu cha Garissa, ambapo watu 148 waliuawa, wengi mno wakiwa wanafunzi. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, katika kaunti hii yetu ya Garissa. Ndipo Tume ya Kuajiri Walimu ilipowahamisha walimu wasio wenyeji kwa wingi, na shule zikabaki na watoto waliokaa wakitazama ubao mtupu.

Serikali ilikwenda kutoka ncha moja hadi nyingine bila kupita katikati, palipo na wajibu wake. Mwanzo mwalimu alilazimishwa kukaa katika hatari. Mwisho aliondolewa, hatari ikaachwa na mtoto. Katikati palikuwa na kazi ya kufanywa: nyumba za walimu zenye ulinzi, njia salama za kusafiria, mpango wa tahadhari unaowashirikisha wenyeji, mafunzo kwa vijana wa hapa hapa ili wawe walimu, na tathmini ya kila shule kwa jina lake. Kazi hiyo ni ya kuchosha na haina picha ya kupigwa gazetini, ndiyo maana hakuna mkubwa aliyeipigania.

Visingizio

Twayajua majibu yatakayotolewa, basi na tuyajibu mapema.

Watasema: eneo ni la mbali na lina hatari, mkaguzi hawezi kufika. Lakini mtoza ushuru wa mifugo hufika. Mgombea ubunge hufika. Masanduku ya kura hufika, na hurudi yamejaa. Mahali panapofikika kwa ajili ya kura pafikike pia kwa ajili ya maiti.

Watasema: mchungaji si mfanyakazi. Hilo ni danganya toto. Anayechunga kwa ujira, awe analipwa kwa shilingi au kwa mitamba, yuko chini ya mkataba wa kazi hata kama haukuandikwa. Na anayechunga mali yake mwenyewe anajiajiri, naye ametajwa katika sheria ya usalama.

Watasema: hilo ni jukumu la kaunti. Kaunti itasema: hilo ni jukumu la Nairobi. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti udhibiti wa magonjwa ya mifugo, vichinjio, masoko ya mifugo na huduma za mifugo, na imeiachia serikali kuu viwango vya kazi. Maana yake ni kwamba kila upande una deni lake. Mgawanyo wa madaraka uliletwa ili mwananchi apate milango miwili ya kubisha. Wao wameufanya kuwa kuta mbili za kujificha.

Watasema pia, na hapa twawageukia wazee wetu kwa heshima, kwamba ajali ni kudura ya Mwenyezi Mungu na kwamba damu hutatuliwa kwa diya. Hatubishani na imani, nasi tu watu wa imani. Lakini mfugaji humfunga ngamia wake kabla ya kulala, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kwa kufanya hivyo amekosa kumtegemea Mola. Diya nayo ni hazina ya amani yetu. Imezima visasi vingi. Ila diya hufunga ugomvi, haifungi shimo. Kisima kilichomfukia mchimbaji mmoja, koo zikishapatana, hubaki wazi kumsubiri mwingine. Wazee na wapatanishe. Hakuna awezaye kuichukua kazi hiyo mikononi mwao. Lakini kikao cha maslaha kisiwe pazia la kumficha mwajiri asiyetaka kuandika taarifa.

Kimya hiki kina mizizi. Kuanzia tarehe 28 Desemba 1963 hadi tarehe 29 Novemba 1991 mkoa huu uliishi chini ya hali ya hatari. Kwa karibu miaka 28 kifo cha raia hapa kilikuwa siri ya dola. Pale Wagalla, Februari 1984, hesabu rasmi ilisema watu 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ikaja kusema kwamba waliokufa walikaribia 1,000. Ripoti ya tume hiyo ilikabidhiwa kwa Rais tarehe 21 Mei 2013, na kabla ya mwaka kwisha Bunge likabadilisha sheria ili utekelezaji usubiri kwanza wabunge waijadili. Hivyo ndivyo ripoti zinavyouawa katika Kenya: hazichomwi moto, zinasubirishwa. Oktoba 2013, baada ya Westgate, tuliahidiwa tume ya uchunguzi mbele ya taifa zima. Tume hiyo haikuundwa. Serikali inayoweza kusubirisha ripoti ya watu 1,000 haioni uzito wa faili la mchinjaji mmoja wa Sangailu. Ndiyo maana twasema kwamba madai haya madogo ni madai ya mageuzi yenyewe.

Na wale wa upinzani wasichekelee. Mfumo wa vyama vingi uliporudi Desemba 1991, wananchi waliambiwa kwamba sasa serikali itaulizwa maswali. Vyama vimeongezeka, bendera zimeongezeka, magari ya msafara yameongezeka. Ni ilani ya chama gani iliyotaja mchungaji kama mfanyakazi? Upinzani unaouliza nani atakula, bila kuuliza nani amekufa na kwa nini, ni foleni tu ya kusubiri zamu.

Yawezekana

Wapo wanaotuambia kwamba hayo ni ndoto. Nasi twawakumbusha habari ya New York. Tarehe 25 Machi 1911 moto uliteketeza kiwanda cha nguo cha Triangle, watu 146 wakafa, wengi wao wasichana wahamiaji waliokuwa maskini na wasio na sauti. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda walishtakiwa, na Desemba ya mwaka uo huo wakaachiliwa. Kama habari ingeishia hapo, ingefanana na zetu. Lakini jimbo liliunda tume ya uchunguzi wa viwanda, tume ikatembea mji kwa mji, ikahoji vibarua wenyewe, na katika miaka michache zaidi ya sheria 30 zikatungwa juu ya milango, ngazi, moto na saa za kazi. Mahakama ilishindwa kuwaadhibu wenye hatia; ufuatiliaji uliwaokoa walio hai. Wale wasichana hawakuwa na nguvu kuliko wachungaji wetu. Walichokuwa nacho ni umma uliokataa kunyamaza baada ya mazishi, ukaandamana, ukahesabu.

Madai yetu

Kwa hiyo twadai, kwa jina la kila aliyefia kazini kutoka Mandera hadi Sangailu, mambo yafuatayo.

Kwanza, kila kifo na kila jeraha kubwa la kazini katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera liandikwe katika daftari la wazi, linalotangazwa kila miezi mitatu, likionyesha tarehe, mahali, aina ya kazi, chanzo, na hatua iliyochukuliwa. Jina la familia lifichwe ikitaka, lakini chanzo kisifichwe.

Pili, kila ripoti ya uchunguzi imalizike kwa ukurasa mmoja wenye mambo matatu: nini kifanyike, nani akifanye, na kabla ya tarehe gani. Baada ya miezi sita ripoti hiyo irudishwe mbele ya bunge la kaunti, na kila aliyetajwa asimame aeleze alichofanya. Ripoti isiyo na ukurasa huo isipokewe.

Tatu, Homa ya Bonde la Ufa itambuliwe kuwa ugonjwa wa kazini kwa wachungaji, wachinjaji na maafisa wa mifugo. Onyo la mvua kubwa likitolewa, chanjo, glavu na mafunzo vianze papo hapo, bila kusubiri mtu wa kwanza afe ndipo fedha zipatikane. Na mfugaji anayeripoti mifugo kutupa mimba asikilizwe kama shahidi, si kama mlalamishi.

Nne, kifungu cha 14 kiheshimiwe. Mwalimu, muuguzi au kibarua anayetaja hatari asitishwe. Na jibu la hatari lisiwe kuondoa huduma na kumwachia mtoto adhabu, bali kuondoa hatari, kwa mpango ulioandikwa kwa kila shule, kila zahanati na kila kambi ya ujenzi.

Tano, kila mkataba wa umma wa barabara, kisima au jengo uonyeshe bima ya wafanyakazi kabla ya senti ya kwanza kulipwa, na mkandarasi aliyeficha ajali asipewe kazi nyingine.

Kwako wewe msomaji, tuna la kukuambia pia, kwa sababu haki haishuki kama mvua. Mwenzako akiumia kazini, andika siku iyo hiyo: tarehe, saa, mahali, waliokuwapo. Mjulishe mwajiri mbele ya mashahidi. Weka nakala ya cheti cha hospitali. Usiache miezi 12 ipite ukisubiri ahadi. Ukinyimwa ripoti, ibara ya 35 ya Katiba yakupa haki ya habari, na sheria ya 2016 yamtaka mtumishi wa umma akujibu katika muda wa siku 21, au saa 48 ikiwa uhai wa mtu umo hatarini. Wakikupuuza, ibara ya 37 yakuruhusu kukusanyika kwa amani na kuwasilisha malalamiko. Kusanyeni saini kisimani, sokoni, msikitini na shuleni. Aliye na kalamu amwandikie asiye nayo. Wanasheria tulio katika harakati hizi tutazisoma karatasi hizo na tutazibeba hadi mahali panapohusika.

Chanjo iliyofika Januari 2007 ingeweza kufika Novemba 2006. Makazi ya Soko Mbuzi yangeweza kulindwa Desemba 2014. Maisha yaliyopotea katikati ya tarehe hizo hayakupotea kwa kukosa ujuzi. Yalipotea kwa kukosa mtu wa kuwajibika. Mvua nyingine kubwa zitakuja, maana bahari haisomi kalenda ya uchaguzi. Twauliza leo, mapema, kwa maandishi na mbele ya mashahidi: safari hii, ni nani atakayekuwa amejiandaa, na jina lake ni nani?

Haki haiombwi. Hudaiwa.